Mavazi ya jukwaani: Faida humfuata anayebaki na nguo

MWEZI Machi 2007 joho moja la rangi ya hudhurungi liliuzwa kwa mnada jijini London kwa pauni 54,000 za Uingereza. Joho hilo lilivaliwa na mwigizaji Alec Guinness katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Halikuwa na dhahabu wala lulu. Kwa miaka mingi lilikuwa limetundikwa ghalani pamoja na majoho mengine, likikodishwa kwa wateja ambao hawakujua historia yake.

Muuzaji alikuwa kampuni ya Angels, ambayo ni miongoni mwa kampuni kongwe za kukodisha mavazi ya maigizo duniani. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1840 kwa mtaji wa kawaida kabisa. Mwanzilishi wake, Morris Angel, alikuwa akiuza nguo zilizokwisha kuvaliwa katika eneo la Seven Dials, jirani na majumba ya maigizo ya London. Kwa lugha ya masoko yetu, alikuwa mfanyabiashara wa mitumba. Waigizaji walikuwa wakienda kwake kununua nguo za kuvalia jukwaani. Baadaye wakaanza kumwuliza: kwa nini wanunue koti ambalo watalihitaji kwa wiki chache tu? Afadhali awakodishie.

Angel alikubali. Leo ghala la kampuni hiyo, kaskazini mwa London, lina nguo zilizotundikwa kwenye vyuma ambavyo vikiungwa pamoja vinafikia urefu wa maili 8, yaani karibu kilomita 13. Nguo moja huingiza fedha mara nyingi, na mwenye ghala bado ni yule yule.

Kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo wa Afrika Mashariki, historia hiyo ina jambo la kuzingatia. Biashara ya kushona mavazi ya jukwaani, ambayo wasanii huyaita maleba, inaonekana kutoka nje kama biashara ya kitambaa. Fundi anayeiingia kwa hesabu ya mita za kitambaa mara nyingi hutoka mikono mitupu.

Kitambaa kilivyoshuka, kazi ikapanda

Zamani hesabu ya kitambaa ilikuwa sahihi. Katika London ya miaka ya 1590, Philip Henslowe, mmiliki wa jumba la maigizo la Rose, ambaye pia alikopesha fedha kwa rehani, aliandika daftari la mapato na matumizi ambalo limehifadhiwa mpaka leo. Daftari hilo linaonyesha kuwa mtunzi alilipwa kiasi cha pauni 6 kwa mchezo mpya mzima. Wakati huo huo mwigizaji maarufu wa kundi hilo, Edward Alleyn, alinunua joho moja la mahameli nyeusi, lililotariziwa kwa nyuzi za fedha na dhahabu, kwa pauni 20, shilingi 10 na peni 6. Yaani joho moja lilizidi thamani ya michezo mitatu. Mwaka 1597 Shakespeare alinunua nyumba kubwa mjini kwao Stratford, na hati ya mauzo inataja pauni 60. Majoho matatu kama lile la Alleyn yangetosha kulipia nyumba hiyo.

Siku hizo kitambaa kilifumwa kwa mkono na mahameli ilitoka mbali, lakini ujira wa mshonaji ulikuwa mdogo. Viwanda vya nguo vya karne za 18 na 19 viligeuza mambo. Kitambaa kikashuka bei mwaka hadi mwaka, ila saa za fundi hazikupungua. Cherehani iliongeza kasi ya kuunga mishono mirefu, lakini kukata, kujaribisha, kufumua na kumalizia kwa sindano ya mkono kumebaki kama kulivyokuwa. Ndiyo maana katika karakana za New York na London sehemu kubwa ya bei ya vazi la jukwaani ni malipo ya mikono ya watu.

Saa hizo zinakwenda wapi?

Mbunifu huleta mchoro. Mchoro huo ni picha tu. Hauna vipimo wala hauonyeshi mshono utapita wapi. Anayeugeuza kuwa nguo ni mkataji mkuu, na ndiye mtu muhimu kuliko wote katika karakana. Chini yake yupo msaidizi anayekata kitambaa chenyewe na kugawa kazi, kisha wanafuata washonaji. Karakana ikimpoteza mshonaji inaweza kutafuta mwingine mwezi huo huo. Ikimpoteza mkataji mkuu, inaweza kukosa kazi msimu mzima.

Kazi huanza kwa vipimo. Fundi wa suti mtaani hupima kifua, kiuno, nyonga, bega, mkono na urefu. Mkataji wa jukwaani huchukua vipimo vingi zaidi: mkono ukiwa umekunjwa, mgongo mtu akiwa ameinua mikono, na mzunguko wa kiwiliwili kutoka begani, kupita katikati ya miguu na kurudi begani. Kipimo hicho cha mwisho kikikosewa, mchezaji akiinama au akirusha mguu, nguo hupasuka mbele ya watazamaji.

Hatua inayofuata ni kulitandaza vazi juu ya sanamu ya fundi. Sanamu hiyo hujazwa pamba na vitambaa mpaka ilingane na mwili wa mwigizaji. Mkataji huchukua kitambaa rahisi cha pamba isiyopaushwa, hukiweka juu ya sanamu, hukibana kwa pini, hukikunja hapa na kukichana pale, mpaka umbo la mchoro litokee. Mama wa pwani anayejifunga kanga hufanya kazi ya aina hiyo hiyo: hukipa kitambaa nafasi ya kuanguka chenyewe, kisha hukishika panapotakiwa.

Kitambaa hicho cha majaribio si kigeni kwetu. Ni jamaa wa karibu wa ile amerikani ya wazee wetu, pamba nyeupe isiyopaushwa ambayo wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Unguja kwa wingi katika karne ya 19, ikapata jina la nchi ilikotoka. Ubora wake kwa mkataji ni kwamba ni rahisi, haitelezi, na inaonyesha wazi uzi wake umelala upande gani.

Umbo likikubalika, mkataji huchora mistari kwa penseli, hutoa pini, hukilaza kitambaa mezani, husahihisha mistari, kisha huhamishia kila kipande kwenye karatasi. Karatasi hizo ndizo patani. Kutokana na patani hushonwa nguo ya majaribio, bado kwa amerikani, na mwigizaji huitwa kuivaa. Hapo ndipo makosa hugunduliwa wakati kosa lingali linagharimu shilingi chache. Mkasi haugusi hariri wala mahameli mpaka nguo ya majaribio ipite. Baada ya hapo huwapo kujaribisha kwa pili, kwa kitambaa halisi, kisha kumalizia.

Kwa hiyo, kabla mita ya kwanza ya kitambaa cha bei kukatwa, karakana imekwisha kulipa siku kadhaa za kazi. Fundi aliyempa mteja bei kwa kuhesabu mita na vifungo peke yake hana mahali pa kuzirudisha siku hizo.

Nguo inayotengenezwa ili ifumuliwe

Jambo la pili linalotofautisha vazi la jukwaani na nguo ya dukani limo ndani ya mishono. Nguo ya kiwandani huachiwa akiba ndogo ya mshono, karibu sentimita moja, ili kuokoa kitambaa. Vazi la jukwaani huachiwa inchi moja au zaidi ubavuni na mgongoni, na upindo mpana chini. Akiba hiyo si hasara. Mwigizaji akinenepa, akiugua au akiondoka kundini, nguo hufumuliwa na kushonwa upya kwa mwili mwingine.

Katika vazi la wacheza baleti, mgongoni hutiwa safu mbili au tatu za vishikio vya kulabu, ili vazi moja libane mwili mwembamba leo na mwili mnene kesho. Kwapani huwekwa kipande cha ziada ili mkono uinuke bila kuvuta kiuno. Pale mwigizaji anapobadili nguo gizani kwa nusu dakika, vifungo vya mbele hubaki pambo tu. Nguo yenyewe hufungukia mgongoni kwa zipu au vibanio. Jasho ni adui mwingine. Nguo nyingi zenye nakshi haziwezi kufuliwa kila siku, hivyo watunza mavazi hushona pedi kwapani na kunyunyizia vodka ya bei rahisi kwa ndani, kwa sababu spiriti huua harufu na kukauka bila kuacha doa.

Uimara huo una sababu ya kibiashara. Jukwaa la Broadway jijini New York kwa kawaida hutoa maonyesho 8 kwa wiki. Mchezo ukiendelea mwaka mzima, ni zaidi ya maonyesho 400. The Phantom of the Opera, uliofunguliwa hapo Januari 1988 na kufungwa Aprili 2023, ulionyeshwa mara 13,981, na ulitumia mavazi yapatayo 230 kila usiku. Katika miaka 35 waigizaji walibadilika mara nyingi. Kila badiliko lilimaanisha kazi kwa mafundi: kufumua, kupanua, au kushona vazi jipya kwa patani ya zamani.

Hata mchezo wa The Lion King, wenye wahusika wanaoitwa kwa Kiswahili Simba na Rafiki, umeendelea Broadway tangu Novemba 1997. Mavazi yake yalimpatia mbunifu Julie Taymor tuzo ya Tony mwaka 1998. Kufikia mwaka 2014 mchezo huo ulikuwa umeingiza zaidi ya dola bilioni 6 za Marekani katika majukwaa ya dunia nzima. Fedha hizo ni za wenye mchezo. Mafundi hulipwa kwa vazi na kwa matengenezo. Vazi likishalipiwa, ni mali ya mtayarishaji.

Mikataba miwili, faida mbili

Hapo ndipo ilipo njia panda ya biashara hii. Kwa jumla kuna mikataba ya aina mbili. Wa kwanza ni kushona kwa kuuza: mteja hulipa bei yote na kuondoka na nguo. Wa pili ni kushona kwa kukodisha: mteja wa kwanza hulipa chini ya gharama, huvaa nguo mpya iliyoshonwa kwa ajili yake, na onyesho likiisha nguo hurudi kwa fundi. Mkataba huu wa pili ndio uliojaza maghala ya London.

Tuchukue mfano wa joho la mfalme, kwa shilingi za Tanzania. Tarakimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu, si bei za sokoni. Kitambaa, bitana na vifaa ni 100,000. Siku 6 za kazi kwa 20,000 kila siku ni 120,000. Pango na umeme ni 30,000. Jumla ya gharama ni 250,000.

Fundi akiliuza kwa 320,000, faida ni 70,000, na habari imekwisha. Akilikodisha kwa mteja wa kwanza kwa 150,000, siku hiyo ana upungufu wa 100,000. Kila mara baadaye akilikodisha kwa 40,000, akatoa 10,000 za kufua na kurekebisha, anabakiwa na 30,000. Mara ya nne upungufu umekwisha na ana ziada ya 20,000. Mara ya sita ziada ni 80,000, imepita faida ya kuuza, na joho bado limetundikwa.

Hesabu hiyo ina mitego yake, na mwekezaji asiifumbie macho. Kwanza, ni lazima awe na mtaji wa kuvumilia upungufu wa mwanzo. Pili, joho lisilokodishwa mara nne ni mtaji uliolala, unaoliwa na nondo, panya na unyevu. Tatu, nguo ikipotea au ikirudi imechanika bila dhamana, ziada ya mwaka huondoka siku moja. Kwa hiyo vazi la kukodisha ni lile linaloombwa na wengi: joho la mfalme, kanzu ya hakimu, magwanda ya askari, suti ya mzungu wa enzi za ukoloni. Vazi la ajabu lililobuniwa kwa mchezo mmoja liuzwe kwa bei kamili, na bei hiyo ihesabu saa zote.

Funzo la mwaka 2020

Machi 12, 2020, majumba yote ya Broadway yalifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19. Michezo mikubwa haikurejea mpaka Septemba 2021. Kwa mwaka mmoja na nusu karakana za mavazi za New York, nyingi zikiwa biashara ndogo za kifamilia, zilibaki na kodi za majengo ya gharama kubwa bila oda mpya. Wenye maghala ya kukodisha nao hawakupona, kwani majukwaa na filamu zilisimama kwa wakati mmoja.

Baadhi ya mafundi waligeukia kushona barakoa na magauni ya wahudumu wa hospitali. Karakana ambazo kwa desturi hushindana kwa bei ziliunda umoja wao, na katika kiangazi cha 2021 zikafanya maonyesho ya mavazi karibu na Times Square. Watu walilipa kiingilio ili kuyatazama kwa karibu. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kutambua kwamba nyuma ya kila mchezo kuna chumba chenye meza ndefu, mkasi na watu wenye pini midomoni.

Funzo kwa mfanyabiashara ni la kawaida lakini huumiza wanaolisahau: karakana yenye mteja wa aina moja hufa pamoja na mteja huyo. Barbara Matera, fundi mzaliwa wa Uingereza aliyeendesha moja ya karakana mashuhuri za New York mpaka alipofariki mwaka 2001, alishona mavazi ya Broadway na ya baleti, lakini karakana yake ndiyo pia iliyoshona gauni alilovaa Hillary Clinton katika sherehe za kuapishwa kwa mumewe mwaka 1993. Ujuzi wa jukwaani hauna budi kuuzwa hata nje ya jukwaa.

Soko la nyumbani

Afrika Mashariki haina Broadway, lakini haina upungufu wa watu wanaohitaji kuvaa kitu maalumu kwa siku moja. Majoho ya mahafali na mashela ya maharusi tayari hukodishwa katika miji yetu, na wenye maduka hayo wanaijua hesabu ya joho la mfalme hata kama hawajawahi kuingia jumba la maigizo. Kwaya hubadili sare. Vikundi vya taarab na ngoma hutaka kupendeza kuliko wapinzani wao. Nchini Kenya shule hushindana kila mwaka katika tamasha la taifa la maigizo. Bagamoyo ina taasisi ya serikali ya kufundisha sanaa. Shule inayotaka kuigiza Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969, inahitaji majoho ya wafanyabiashara na ya hakimu kwa siku mbili, kisha kwisha.

Malighafi nayo ipo. Katika marobota ya mitumba hupatikana makoti marefu, magauni ya harusi na mapazia mazito ya mahameli, ambayo fundi mwenye patani nzuri anaweza kuyafumua na kuyakata upya kwa gharama ndogo. Morris Angel alianzia hapo hapo.

Kwa anayefikiria kuingia, wazoefu wa kazi hii hushika mambo machache. Bei itolewe baada ya kuona mchoro na kuhesabu saa, si mita. Malipo ya awali yatoshe angalau kununua vifaa vyote. Mkataba useme wazi ni nani anabaki na nguo na ni nani anabaki na patani. Badiliko lolote baada ya mteja kukubali nguo ya majaribio lilipiwe mbali. Akiba ya mshono isipungue inchi moja ubavuni. Na kila patani iandikwe jina la mchezo, vipimo na tarehe, kisha itundikwe mahali pakavu.

Fundi anayetupa patani akishamaliza kazi anatupa siku alizokwisha kuzilipia. Mchoro ukirudi mwakani na mwigizaji mwingine, atalazimika kuzinunua upya, na mteja hatakubali kumlipa mara ya pili.